Shajara ya mradi: chaguzi zote za Carmarthen, 1918 hadi 1992

8 Februari 2025: kazi yenyewe

Nataka jedwali moja lenye kila uchaguzi wa ubunge uliofanyika katika jimbo la Carmarthen, kusini magharibi mwa Wales, tangu lilipoundwa 1918 mpaka lilipofutwa 1997. Pamoja na jedwali, mchoro mmoja wa kubandika ukutani na maelezo mafupi kwa Kiswahili. Muundo ukishakaa sawa nitautumia kwa majimbo ya huku kwetu, ambako matokeo ya zamani yapo vipande vipande: kidogo kwenye gazeti, kidogo kwenye kabati la mtu. Nimeanza na jimbo la mbali makusudi. Takwimu zake ziko hadharani, kwa hiyo nikikwama nitajua tatizo ni muundo wangu, si karatasi iliyopotea.

Kwa nini Carmarthen na si jingine? Lilikuwa jimbo la shamba hasa: bonde la mto Tywi, ng'ombe wa maziwa, miji midogo ya soko, watu wengi wakizungumza Kiwelisi nyumbani, na upande mmoja wenye migodi ya makaa ya mawe. Ukiwaweka wakulima na wachimbaji kwenye sanduku moja la kura, hakuna chama kinacholala usingizi. Vyama vitatu tofauti vilishinda pale na cha nne kilikalia kiti bila kushinda uchaguzi hata mmoja. Nitafika huko.

Vifaa: kompyuta ya zamani, programu ya majedwali ya bure, bando.

15 Februari: faili la bure na shimo lake

Maktaba ya Baraza la Makabwela, bunge la chini la Uingereza kule London, hutoa bure faili la matokeo ya kila jimbo katika kila uchaguzi mkuu tangu 1918. Kulipakua si kazi. Nilichuja Carmarthen, nikapanga kwa mwaka, na kwa haraka haraka ilionekana nusu ya mradi imekwisha.

Shida ilijitokeza niliposoma mistari yenyewe. Machi 1966 wanashinda Labour, chama cha wafanyakazi. Mwaka 1970 Labour tena. Februari 1974 Labour tena. Halafu Oktoba 1974 Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Wales, wanachukua kiti, na ukifuata faili hilo utasema ndiyo mara yao ya kwanza. Kumbe mbunge wa kwanza kabisa wa Plaid Cymru katika historia yao yote alipatikana hapo hapo Carmarthen, Julai 1966. Ulikuwa uchaguzi mdogo, na faili lina chaguzi kuu peke yake.

Carmarthen ilikuwa na chaguzi ndogo tano: 1924, 1928, 1941, 1957 na 1966. Tatu kati ya hizo, yaani 1928, 1957 na 1966, zilibadilisha chama kilichoshika kiti. Ukizikosa, unaandika kwamba Labour walikichukua kiti kwa Waliberali mwaka 1959, wakati walikuwa wameshakaa miaka miwili na nusu. Unaandika pia kwamba 1970 Labour walitetea kiti chao, wakati siku ile walikuwa wanakipokonya.

Suluhisho: mistari hiyo mitano nimeiingiza kwa mkono kutoka vitabu rejea vya matokeo. Kununua vitabu hivyo na kuvisafirisha ni fedha ambayo sina. Ndugu yangu anayeishi Cardiff alikwenda maktaba akanipigia picha za kurasa. Gharama: Sh 5,000 za bando la kupokea picha nzito, na deni la kanga mbili.

Kitu cha pili katika faili hilohilo: kila aliyeitwa Mliberali kwa namna yoyote amewekwa safu moja. Mwaka 1918 John Hinds alichaguliwa akiwa upande wa serikali ya muungano ya waziri mkuu Lloyd George. Mwaka 1922 alisimama kwa jina la National Liberal. Mwaka 1923 Ellis Ellis-Griffith aliposhinda, makundi mawili ya Waliberali yalikuwa yameungana tena. Kwenye faili wote ni "Liberal", kana kwamba hawakuwahi kununiana. Nimefanya safu mbili: ya kwanza inaandika jina la chama kama lilivyotumika siku ile, ya pili inaandika ukoo wa chama kwa ajili ya rangi za mchoro. Anayeiga kazi hii asiunganishe safu hizo mbili hata kama zinaonekana kurudiana.

23 Februari: mwaka hautoshi kuwa ufunguo

Nilikuwa natumia mwaka kuunganisha jedwali la matokeo na jedwali la wagombea. Programu ikaleta majibu ya ajabu: mshindi wa Julai 1966 akapewa kura za Machi 1966, na Gwynfor Evans wa Plaid Cymru akawa mshindi kwa kura 7,416, ambazo ndizo zilizompa nafasi ya tatu miezi mitatu na nusu kabla.

Sababu ni rahisi ukishaiona. Jimbo hili lina miaka mitatu yenye chaguzi mbili: 1924 (Agosti na Oktoba), 1966 (Machi na Julai) na 1974 (Februari na Oktoba). Programu ikitafuta "1966" inasimama kwenye mstari wa kwanza inaoukuta.

Ufunguo sasa ni tarehe kamili, mwaka ukitangulia: 1966-07-14. Usitumie siku na mwezi peke yake kwa kisingizio chochote, maana jimbo hili lilipiga kura tarehe 28 Februari mara mbili, 1957 na 1974.

2 Machi: kiti kilichohama bila kura

Hili limenichukua muda kuliko nilivyodhani, na ndilo lililonilazimisha kuvunja jedwali.

Mwaka 1924 Ellis-Griffith alijiuzulu, Waliberali wakamleta Alfred Mond, tajiri wa viwanda vya kemikali aliyewahi kuwa waziri. Akashinda uchaguzi mdogo, akashinda tena uchaguzi mkuu wa Oktoba. Mwaka 1926, akichukizwa na sera ya ardhi aliyoisukuma Lloyd George, Mond alihamia kwa Wahafidhina. Msomaji wa Tanzania atauliza mara moja: basi kiti kikawa wazi? Hapana. Kwetu mbunge akihama chama amepoteza ubunge. Uingereza kiti ni cha mtu, si cha chama, na anaweza kuhama nacho mpaka uchaguzi ujao. Mond aliendelea kuwa mbunge wa Carmarthen akiwa Mhafidhina hadi 1928, alipopewa ulodi na kuhamia baraza la juu.

Hiki ndicho chama cha nne nilichokitaja. Wahafidhina walishika Carmarthen takriban miaka miwili, na hakuna siku hata moja wapiga kura wa pale walipowachagua.

Jedwali la chaguzi haliwezi kuonyesha jambo hili, kwa sababu hakukuwa na uchaguzi. Nilijaribu kuongeza mstari wa bandia wa 1926 wenye kura tupu. Ukaharibu kila wastani na kila mchoro. Nikafuta.

Njia iliyofanya kazi ni majedwali mawili. La kwanza linaitwa CHAGUZI: tarehe, mgombea, chama, kura. La pili linaitwa KITI: nani alikishika, kwa chama gani, tangu lini hadi lini, na aliondokaje. Mond ana mistari miwili katika KITI na miwili katika CHAGUZI, na hakuna inayogongana. Safu ya "aliondokaje" imegeuka kuwa tamu kuliko nyingine zote: kujiuzulu, kupewa ulodi, kuteuliwa hakimu, kufariki, kushindwa, jimbo kufutwa.

9 Machi: sifuri si sawa na tupu

Daniel Hopkin wa Labour, mbunge wa 1929 hadi 1931 na tena kuanzia 1935, aliacha kiti 1941 akawa hakimu London. Ilikuwa wakati wa vita, na vyama vilivyokuwa ndani ya serikali ya umoja vilikubaliana kutogombea viti vya wenzao. Moelwyn Hughes wa Labour akapita bila kupingwa.

Nilijaza 0 kwenye kura. Mara moja wastani wa waliojitokeza ukaporomoka na mstari wa mchoro ukatumbukia shimoni 1941 kana kwamba watu wa Carmarthen walisusia. Sasa seli ni tupu, na pembeni kuna alama BK, bila kupingwa. Programu huruka seli tupu, haiiruki sifuri.

Ila mstari huu mtupu una uzito wake. Hughes alikaa miaka minne bila mtu yeyote kuulizwa. Walipoulizwa, Julai 1945, nchi nzima ilikuwa inawamwagia Labour kura: viti 393 bungeni. Carmarthen ikafanya kinyume, ikamtoa Hughes na kumpa kiti Mliberali, Rhys Hopkin Morris, kwa tofauti ya kura 1,279. Waliberali mwaka huo walibaki na wabunge 12 tu nchi nzima. Hopkin Morris alikuwa amekaa miaka kadhaa akiongoza BBC upande wa Wales, na kabla ya hapo alikuwa mbunge wa jimbo jirani la Cardiganshire, kwa hiyo hakuwa mgeni masikioni mwa watu.

16 Machi: akina Davies, akina Jones, akina Thomas

Majina ya ukoo Wales ni machache, na kutafuta mgombea kwa jina la ukoo peke yake ni kama kumwita Juma sokoni Kariakoo. Haya ndiyo niliyokutana nayo:

Uchaguzi mdogo wa 1957 ulikuwa na wagombea watatu, na walioshindwa wote wawili ni Davies: Morgan Davies wa Liberal na Jennie Eirian Davies wa Plaid Cymru. Uchaguzi mdogo wa 1966, Davies wawili tena, safari hii Gwilym Prys Davies wa Labour na Hywel Davies wa Liberal. Mwaka 1983 mshindi ni Roger Thomas wa Labour na wa pili ni Nigel Thomas wa Wahafidhina. Halafu yupo Daniel Hopkin wa Labour, ambaye Hopkin ni jina lake la ukoo, na Rhys Hopkin Morris wa Liberal, ambaye si ndugu yake kwenye jedwali hata kama programu inasisitiza. Evans ni zaidi ya mmoja, na W. N. Jones wa 1928 si Gwynoro Jones wa 1970.

Amri ya kujumlisha kura za kila mgombea kwa jina la ukoo iliniletea Davies mmoja mwenye vyama vitatu. Suluhisho ni namba ya mgombea: CAR-001, CAR-002, na kuendelea, inayobaki na mtu hata akibadili chama. Namba hiyo ilimfaa Mond pia.

23 Machi: kura 28,716 na wanawake ambao hawakuwamo

Uchaguzi mdogo wa 28 Juni 1928, wa kujaza nafasi ya Mond, ulikuwa wa karibu sana: W. N. Jones wa Liberal 10,201, Daniel Hopkin wa Labour 10,154, Mhafidhina Courtenay Mansel 8,361, jumla 28,716. Tofauti, kura 47. Waliberali wakarudishiwa kiti ambacho hawakukipoteza kwenye sanduku.

Mwaka uliofuata, kwenye uchaguzi mkuu wa Mei 1929, Hopkin alishinda na idadi ya kura zilizopigwa iliruka juu sana. Nilikuwa nimeshaandika rasimu ya sentensi kuhusu "hamasa mpya ya wapiga kura". Niliifuta nilipoweka tarehe za sheria pembeni ya tarehe za chaguzi. Sheria ya kuwapa wanawake haki ya kura sawa na wanaume, kuanzia miaka 21 badala ya 30, ilipata saini ya mfalme tarehe 2 Julai 1928, siku nne baada ya uchaguzi mdogo. Daftari la 1929 lilikuwa daftari lingine. Labda hamasa ilikuwepo, lakini jedwali haliwezi kuithibitisha.

Kwa hiyo nimeongeza safu ya "daftari", yenye namba inayobadilika kila sheria ya wapiga kura ilipobadilika: 1918 (wanaume wote wa miaka 21 na wanawake wa 30), 1929 (wote 21), 1970 (umri kushuka hadi 18). Kanuni ninayoifuata ni kutolinganisha idadi ya kura kati ya madaftari tofauti. Asilimia zilinganishwe, kwa uangalifu.

6 Aprili: maelezo ya 1957 na 1966

Wiki mbili hizi nimeandika maelezo, sijagusa namba. Chaguzi nyingine zinatosha sentensi mbili. Hizi mbili zimekataa.

Hopkin Morris alishikilia kiti kwa uzi: tofauti ya kura 187 mwaka 1950, 467 mwaka 1951, kisha 3,333 mwaka 1955 (namba hiyo niliitilia shaka, lakini inakubaliana na kura za pande zote). Alifariki Novemba 1956, wiki chache baada ya Uingereza kuivamia Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez.

Labour wakamsimamisha Megan Lloyd George. Ukitaka kuelewa uzito wake: baba yake, David Lloyd George, alikuwa waziri mkuu Mliberali, na yeye mwenyewe alikuwa mbunge wa Liberal wa Anglesey kuanzia 1929 hadi 1951 kabla ya kuhamia Labour 1955. Waliberali wakamsimamisha Morgan Davies, aliyeunga mkono sera ya serikali kuhusu Suez. Wahafidhina hawakuweka mtu. Kwa hiyo mpiga kura Mliberali wa Carmarthen, tarehe 28 Februari 1957, alikuwa na binti wa Lloyd George upande wa Labour akipinga vita, na mgombea wa chama chake akiitetea serikali ya Wahafidhina. Matokeo: Megan 23,679, Morgan Davies 20,610, Jennie Eirian Davies 5,741. Waliberali wakabaki na wabunge watano nchi nzima.

Safu ya "chama" inasema Labour waliwashinda Waliberali. Ni kweli, na haikuambii chochote. Nimeongeza safu ya maelezo huru, isiyo na kikomo cha herufi, kwa ajili ya hali kama hii.

Megan alishikilia kiti 1959, 1964 na Machi 1966. Mara hii ya mwisho alikuwa mgonjwa, hakuweza kufanya kampeni, na bado alipata 21,221 dhidi ya 11,988 za Mliberali. Tofauti ya 9,233. Alifariki 14 Mei.

Julai 14, miezi mitatu na nusu baada ya uchaguzi mkuu, jimbo hilohilo lilipiga kura hivi:

Gwynfor Evans (Plaid Cymru) 16,179
Gwilym Prys Davies (Labour) 13,743
Hywel Davies (Liberal) 8,650
Simon Day (Wahafidhina) 2,934

Kutoka nafasi ya tatu na kura 7,416 hadi ushindi wa tofauti ya 2,436. Gwynfor hakuwa mgeni wa kushushwa na treni. Alikuwa mkulima wa nyanya wa Llangadog, ndani ya jimbo, diwani wa wilaya tangu 1949 na rais wa Plaid Cymru tangu 1945. Watu walikuwa na hofu ya migodi kufungwa. Reli ya abiria kutoka Carmarthen hadi Aberystwyth ilikuwa imeshafungwa mwaka uliotangulia. Na kidonda cha Capel Celyn, kijiji kilichozamishwa kaskazini mwa Wales ili Liverpool ipate maji, kilikuwa bado kibichi. Alipofika London akaomba kula kiapo kwa Kiwelisi. Akakataliwa.

Ukitazama mstari wa Labour pekee utasema walipoteza kura 7,478. Ukitazama mistari yote minne unaona kila chama isipokuwa kimoja kilipoteza. Nilikuwa na mpango wa kuhifadhi mshindi na wa pili tu ili jedwali liwe jembamba. Nimeuacha.

20 Aprili: kura tatu

Februari 1974, baada ya kuhesabu na kuhesabu upya: Gwynoro Jones wa Labour 17,165, Gwynfor Evans 17,162.

Mchoro wa tofauti za kura ukashindwa kabisa hapa. Nguzo ya 9,233 inafika juu ya karatasi, nguzo ya 3 haionekani hata kwa kioo cha kukuza. Nikajaribu vipimo vya logi, ambapo kila hatua ni mara kumi ya iliyopita. Nguzo ya 3 ikaonekana, lakini niliowaonyesha walisoma nguzo kama kawaida na wakaamini tofauti ya Februari 1974 ilikuwa kama moja ya nane ya ile ya Machi 1966. Mchoro unaodanganya watu wazima waliosoma hauna kazi ukutani.

Nikaacha nguzo. Badala yake kuna safu inayosema: ni wapiga kura wangapi wangetosha kugeuza matokeo kama wangehama kutoka kwa mshindi kwenda kwa wa pili? Februari 1974: wawili. Juni 1928: 24. Februari 1950: 94. Machi 1966: 4,617. Mtu yeyote anaelewa "wawili".

Tahadhari ya kanuni: kugawa tofauti kwa mbili na kukadiria juu kunafanya kazi kwa namba witiri peke yake. Kwa tofauti ya 3,640 ya Oktoba 1974 inakupa 1,820, na 1,820 wakihama inakuwa sare, si ushindi. Kanuni sahihi ni kugawa kwa mbili, kukata desimali, kisha kuongeza moja. Inakupa 1,821. (Sare Uingereza huamuliwa kwa bahati nasibu mbele ya msimamizi wa uchaguzi.)

Kisha nikaziweka kura za Labour peke yake kutoka 1970 hadi 1983, na hapa ndipo nilipoona kuwa kuhifadhi wagombea wote kumelipa:

1970: 18,719, wameshinda
Februari 1974: 17,165, wameshinda
Oktoba 1974: 19,685, wameshindwa
1979: 18,667, wameshinda
1983: 16,459, wameshinda

Siku waliyopata kura nyingi kuliko zote ndiyo siku pekee waliyopoteza kiti. Oktoba 1974 Gwynfor alipanda hadi 23,325 huku Waliberali na Wahafidhina wakiyeyuka. Mwaka 1979 Wahafidhina walirudi juu, Gwynfor akashuka hadi 16,689, na Labour wakakirudisha kiti kwa kura pungufu ya zile walizoshindwa nazo. Mwaka 1983 ndio wa ajabu zaidi: Roger Thomas 16,459, Nigel Thomas 15,305, Gwynfor 14,099. Labour walishinda kwa asilimia 31.6. Karibu watu saba kati ya kumi walimpigia mtu mwingine.

Na Gwynfor huyo aliyeshika nafasi ya tatu, miaka mitatu kabla, akiwa hana kiti, alikuwa ametangaza kufunga kula hadi kufa ili serikali ya Thatcher itimize ahadi ya televisheni ya Kiwelisi. Serikali ililegeza kabla hajaanza, na S4C, kituo hicho cha Kiwelisi, kilianza kurusha matangazo Novemba 1982. Hakuna safu ya jedwali langu inayoweza kubeba hilo, na sitaitengeneza.

4 Mei: bango la kwanza limeharibika

Rangi nilifuata za vyama vyenyewe: Labour nyekundu, Wahafidhina bluu, Waliberali manjano, Plaid Cymru kijani. Nikachapisha bango kubwa, Sh 15,000. Mambo mawili yalitokea.

Kwanza, watu waliopita mezani waliona kijani na manjano na kuuliza CCM wanafanya nini Wales. Utani, lakini uliponifika kwa mara ya pili nilijua utamfika kila msomaji wa Tanzania, na nusu ya macho yake yatakuwa Dodoma.

Pili, na hili ndilo la hasara, nilipotoa nakala za rangi moja kwa ajili ya kugawa, nyekundu na kijani vikawa kijivu kilekile na manjano ikatoweka. Miaka ya 1945 hadi 1957 ikawa karatasi nyeupe, kana kwamba Hopkin Morris hakuwahi kuwepo.

Bango la pili lina michoro badala ya rangi: mistari ya mshazari kwa Labour, nukta kwa Waliberali, weusi mzito kwa Plaid Cymru, vyumba vya bao kwa miaka miwili ya Mond. Herufi ya chama imeandikwa ndani ya kila kipande. Linasomeka hata kwenye fotokopi ya fotokopi. Sh 6,000, kwa kuwa ni wino mweusi tu.

18 Mei: kufunga faili

Mwisho wa jimbo umekuwa mgumu kuliko mwanzo. Mwanzo ni safi: 1918, wilaya ya Carmarthenshire inagawanywa kuwa Carmarthen na Llanelly. Mwisho una mikia.

Alan Williams wa Labour alishinda 1987 kwa 18,128 dhidi ya 13,811 za Mhafidhina Rod Richards, na 1992 kwa 20,879 dhidi ya 17,957 za Rhodri Glyn Thomas wa Plaid Cymru. Huo ndio uchaguzi wa mwisho. Mei 1997 jimbo likagawanywa: Carmarthen East and Dinefwr upande mmoja, Carmarthen West and South Pembrokeshire upande wa pili. Williams akashinda lile la mashariki, na 2001 akashindwa na Adam Price wa Plaid Cymru.

Kishawishi cha kuendeleza mstari wa mchoro hadi 2001 ni kikubwa, maana hadithi inapendeza. Nimekataa. Wapiga kura si walewale na mipaka si ileile. Jedwali la KITI linaishia 1997 kwa neno "kufutwa", na majimbo mawili mapya yana faili zao, tupu kwa sasa. Mwaka 2024 jina limerudi kwa umbo lake la Kiwelisi, Caerfyrddin, na Plaid Cymru wakashinda. Hilo nalo ni jimbo jipya lenye mipaka mipya. Kwenye faili zangu lina herufi zake, CFN, ili siku moja mtu asije akaliunganisha na CAR kwa kuona majina yanafanana.

Kitu kimoja nimekiweka pembeni bila kukiingiza popote. Septemba 1997, miezi minne baada ya jimbo kufa, Wales ilipiga kura ya maoni kuhusu kuwa na bunge lake. Matokeo ya Carmarthenshire ndiyo yaliyotangazwa mwisho kabisa, alfajiri, wakati upande wa Hapana ulikuwa unaongoza. Ndiyo 49,115, Hapana 26,119. Nchi nzima Ndiyo ilishinda kwa tofauti ya 6,721. Ilikuwa kura ya wilaya nzima, Llanelli ikiwemo, kwa hiyo si mali ya jedwali hili.

Gharama zote: Sh 26,000, bila kanga.

Kwa anayetaka kuiga: mafaili ni mawili, CHAGUZI na KITI, na bango. Ukianza jimbo jipya, anza na KITI, hasa safu ya "aliondokaje". Kila palipoandikwa kifo, kujiuzulu au uteuzi, kuna uchaguzi mdogo unaokusubiri, na yaelekea haumo kwenye faili ulilopakua. Jimbo la kwanza la hapa nyumbani nimeshalianza kwa njia hiyo. Lina mistari minne ya KITI na uchaguzi mdogo mmoja ambao bado natafuta kura za aliyeshika nafasi ya tatu.